Chuo Kikuu Kikiwa Jirani: Historia ya SUA na Vijiji, na Kile Mkulima Anachoweza Kudai



Kwenye mikutano ya vijiji kuna swali ambalo halikosi. Mzee au mama mmoja atanyoosha mkono na kusema: "Hawa watu wa chuo wanakuja na madodoso yao, wanatuuliza tuna kuku wangapi, tunavuna magunia mangapi, halafu wanaondoka. Sisi tunapata nini?" Ni swali la haki kabisa. Mara nyingi sisi maafisa ugani tunalijibu kwa maneno ya kutuliza watu, kwamba utafiti ni kwa faida ya taifa, na mkutano unaendelea na ajenda nyingine. Leo nataka nilijibu kwa historia, maana historia ipo na iko karibu.

Kuna sababu ya kulijibu sasa. Chini ya mradi wa HEET ulioanza mwaka 2021, vyuo vikuu vya umma vinajengewa matawi mapya mikoani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaenda Lindi na Kagera, Mzumbe inaenda Mkinga kule Tanga. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, yaani SUA, nacho kina Kampasi ya Mizengo Pinda mkoani Katavi. Vijiji ambavyo jana vilisikia habari za chuo kikuu redioni tu, kesho vitapakana nacho shamba kwa shamba. Ni vizuri vijue majirani wenzao wa Morogoro na Mbinga walipitia nini.

Tuanzie Uluguru, kabla hata ya chuo kuwapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliona udongo wa milima ile unaporomoka na mito inachafuka. Wataalamu wakaja na dawa yao: matuta ya ngazi. Kila kaya ilitakiwa kuchimba, na asiyechimba aliadhibiwa. Kitaalamu tuta la ngazi si jambo baya, hata mimi nalifundisha. Lakini sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukilikata shamba kuwa ngazi bila samadi, unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu udongo mfu, na mahindi yanatoka njano. Kazi yenyewe ilikuwa kubwa, na ilikula siku ambazo mama alizihitaji kupalilia. Juu ya hayo, ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na watu waliogopa kwamba anayekuja kupima na kuchora mistari leo atakuja kudai shamba kesho. Mwaka 1955 kule Matombo hasira zikalipuka, pakatokea ghasia, na mtu mmoja akapoteza maisha. Mpango ule wa lazima ukafa.

Lakini ukipanda leo upande wa Mgeta utaona matuta ya ngazi, na yanatunzwa vizuri, bila mtu kumlazimisha mtu. Kwa nini pale? Kwa sababu Mgeta wanalima mboga za kumwagilia, wanaweka samadi na mbolea, na kabichi au karoti inalipa gharama ya kuchimba. Tuta ni lile lile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima anapata kitu kutoka kwenye jasho lake. Naomba msomaji alishike hilo.

Sasa chuo. Mwaka 1965 kilianzishwa Morogoro chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Baadaye kidogo kikawa Kitivo cha Kilimo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970 kitivo kile kilikuwa chini yake. Misitu ikaongezwa miaka ya 1970, na udaktari wa mifugo mwaka 1976. Mwezi Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki kwa ajali ya gari mkoani humo humo Morogoro. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya kitivo kile kuwa chuo kikuu kamili, na kikapewa jina lake. Mwaka 1992 kikaongezewa Mazimbu, mahali palipokuwa shamba la mkonge kabla ya kuwa makazi na shule ya wapigania uhuru wa ANC kutoka Afrika Kusini. Walipokuwa wanarudi kwao waliyaacha majengo yao mikononi mwa Tanzania.

Hapa kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalijui, nalo linaeleza mengi. Marekani, ambako mtindo wa vyuo vya kilimo uliigwa na nchi nyingi, serikali ilivipa vyuo ardhi kwa sheria ya mwaka 1862, na kwa sheria nyingine ya mwaka 1914 ikaweka huduma ya ugani ndani ya vyuo vyenyewe. Kule bwana shamba ni mtu wa chuo kikuu. Kwetu sivyo. Mimi naajiriwa chini ya halmashauri. Utafiti wa mazao ni kazi ya TARI, ambayo ni taasisi ya serikali. Chuo kikuu kazi yake kubwa ni kufundisha wanafunzi, na tafiti zake hufanyika pale fedha zinapopatikana, mara nyingi kwa wafadhili. Kwa hiyo mhadhiri wa SUA akifika kijijini kwako, hana mtumishi wake pale, hana bajeti ya kudumu pale, na kisheria hawajibiki kwa mkutano mkuu wa kijiji. Chochote kitakachokuwapo kati yenu lazima kijengwe kwa makubaliano. Ndiyo maana kijiji kimoja kinasema chuo kimetusaidia sana, na cha jirani kinasema hatujawaona tangu wachukue majina yetu.

SUA ililijua pengo hilo mapema, na mwaka 1988 ikaanzisha Taasisi ya Elimu ya Kujiendeleza kwa ajili ya kuwafikia watu walio nje ya darasa. Mafunzo mafupi mengi ya wakulima na maafisa ugani yamepitia pale. Lakini kama ningeambiwa nitaje tendo moja la chuo hiki lililowafaa wakulima wa nchi hii kuliko yote, nisingetaja mafunzo. Ningetaja lile la mwaka 1993.

Mwaka huo wakulima 22 kutoka mikoa ya Morogoro, Tanga, Kilimanjaro, Iringa, Mbeya na Dodoma walikutana Morogoro. Waliowaita ni watu wa SUA waliokuwa wakishughulika na ugani vijijini. Lengo lilikuwa wakulima wabadilishane ujuzi wao kwa wao, mkulima wa Tanga amweleze wa Mbeya alichojaribu kikafaa na kilichomshinda. Wakaamua wawe na mtandao wao wenyewe, wakauita Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania. Ndiyo MVIWATA mnayoijua. Mwaka 1995 ikasajiliwa rasmi. Kauli mbiu yake, "Mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe," ukiitazama vizuri inamgusa hata aliyewaita kwenye kikao kile: si chuo, si serikali, si mfadhili.

Kwa maoni yangu hapo ndipo chuo kilifanya jambo gumu. Kilikuwa na uwezo wa kukaa juu ya mtandao ule, kuufanya idara yake, kuweka mhadhiri awe mwenyekiti. Hakikufanya hivyo. Wakulima walichagua viongozi wao, na baada ya muda wakaanza kusema mambo ambayo wakubwa wengine hawakuyapenda, kuhusu ardhi, kuhusu bei, kuhusu ushuru. Chombo kinachoweza kumpinga hata aliyekisaidia kuzaliwa, hicho ni cha kwenu.

Ninyi wafanyabiashara mnaweza kupima matunda yake kwa macho. Soko la mahindi la Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, lililoanza kazi mwaka 2004, limetokana na juhudi za MVIWATA na wenzake kwa fedha za Ufaransa. Masoko ya Nyandira, Tawa na Tandai milimani Uluguru yana historia hiyo hiyo. Kabla ya hapo mkulima wa Mgeta alikuwa anamngoja mchuuzi shambani, mchuuzi ndiye anajua bei ya Dar es Salaam, na gunia linajazwa lumbesa mpaka linapasuka mshono. Soko lenye paa, mizani na bei inayosikika na wote halimwondoi mfanyabiashara. Linamsaidia yule mwaminifu, kwa sababu anapakia gari lake kwa siku moja badala ya kuzunguka wiki nzima kutafuta magunia kumi. Masoko haya nayo yana matatizo yake ya ushuru na uongozi, nisiwadanganye. Lakini yapo, na miradi mingapi ya wakati ule bado ipo?

Huko huko Uluguru, kuanzia miaka ya 1990, SUA iliendesha mradi wa UMADEP, uliofanya kazi na vikundi vya wakulima na kusaidia kuanzisha vyama vya kuweka na kukopa. Mgeta pia wamefuga mbuzi wa maziwa wa damu ya Norwe, ambao SUA ilishiriki kuwaleta na kuwaendeleza. Nawataja kwa ufupi tu. Mbuzi wa maziwa ni mada inayojitosheleza, nitaiandikia siku nyingine.

Tuhamie kusini, Mbinga mkoani Ruvuma, mbali kabisa na Morogoro. Wamatengo wana kilimo chao cha ngoro kwenye miteremko mikali. Kwa wasioijua: mvua zikielekea mwisho, nyasi zinafyekwa na kupangwa chini kwa mistari inayokatana kama madirisha. Kisha udongo wa katikati ya kila dirisha unachimbwa na kurushwa juu ya nyasi. Shamba lote linakuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage yanapandwa juu ya matuta, nyasi zinaoza chini na kuwa mbolea, na msimu unaofuata mahindi yanachukua nafasi. Maji ya mvua hayapati njia ya kukimbia, yanaishia shimoni pamoja na udongo wake. Kwa kawaida wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kupanda. Waliibuni wenyewe, wala hawakufundishwa na mtaalamu yeyote. Fikiria kwamba miaka ile Waluguru wanalazimishwa ngazi, Wamatengo walikuwa tayari wamezuia mmomonyoko kwa jembe la mkono.

Miaka ya 1990 kwanza watafiti wa SUA pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikwenda kuisoma ngoro. Utafiti wao wa kwanza ulikuwa kati ya 1994 na 1997, na mwaka 1999 SUA ikaanzisha Kituo cha Maendeleo Endelevu Vijijini kwa msaada wa JICA, kufanya kazi na vijiji vya Mbinga. Walifika wakati mbaya. Biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga kilichokuwa kikikopesha mbolea na dawa kikaanguka, na bei ikawa ya kupanda na kushuka. Mkulima wa kahawa alibaki na mibuni bila pembejeo.

Katika kijiji cha Kindimba wanakijiji walipoulizwa wanataka nini, hawakusema ngoro, na hawakusema utafiti wa udongo. Walitaka mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji. Chuo kingeweza kusema kwamba mashine si kazi yetu, sisi tumekuja kwa kilimo. Badala yake mashine ikajengwa, na wanakijiji wakatoa nguvu zao. Uendeshaji ukawekwa mikononi mwa kamati iliyoitwa Sengu. Jina hilo si la bahati mbaya. Zamani kwa Wamatengo sengu ilikuwa baraza la ukoo, wanakula pamoja na kuamua mambo pamoja. Watu walikuwa na chombo cha kuaminiana kilichokuwa kimefifia, na wakakifufua kwa kazi mpya.

Kisha jambo la kilimo likaja lenyewe kwa mlango wa nyuma. Mashine ya maji inataka maji. Maji yanataka chanzo kilichotunzwa. Mtu ambaye jana ungemhubiria kuhusu kupanda miti na asisikie, leo anajua kwamba mlima ukibaki uchi, mtambo utasimama kiangazi na unga utafuatwa mbali. Miti ikapandwa, mabwawa ya samaki yakachimbwa, vikundi vikazaliwa. Mimi kama afisa ugani nakiri kwamba hili linaniuma kidogo, kwa sababu sisi huanza na miti.

Kuna ushirikiano mwingine usioonekana kabisa, nao ni wa mbegu. SUA ina watafiti wa maharage wa miaka mingi. Aina ya SUA 90 ilitolewa mwaka 1990, Rojo mwaka 1997, na Mshindi na Pesa mwaka 2006. Rojo kwa Kihispania ni nyekundu, na mfanyabiashara yeyote anajua kwa nini rangi ina maana: unaweza kuwa na maharage yanayozaa vizuri na kustahimili magonjwa, lakini kama mama wa mjini haipendi rangi yake sufurianai, gunia litakulalia. Mtafiti hawezi kulijua hilo akiwa kwenye shamba la chuo. Analijua kwa kuwapa wakulima wapande, wapike, waonje, na wapeleke gulioni. Kwa hiyo ukiombwa kupanda mbegu ya majaribio, maoni yako si hisani unayompa mtafiti. Ni nusu ya kazi yenyewe.

Na panya. Morogoro inajulikana duniani kwa panya buku wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu, kazi ya shirika la APOPO lililoweka makao yake SUA tangu mwaka 2000. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia na mwaka 2020 akapewa nishani ya dhahabu kutoka Uingereza. Wageni walimpenda sana. Lakini kwa mkulima wa mahindi habari kubwa ni ya panya mwingine, panya shamba wa kawaida, ambaye SUA imemsoma kwa miaka mingi. Anazaliana kufuata mvua, na jike mmoja anaweza kuzaa watoto zaidi ya 10 kwa mkupuo. Hasara kubwa huifanya ndani ya wiki mbili za mwanzo, anapofukua mbegu na kung'oa miche. Wengi wetu tunanunua sumu baada ya kuona mashimo matupu shambani, wakati hasara imeshatokea. Tena ukitega peke yako, panya wa jirani wanahamia kwako. Kinachofaa ni kaya zote za eneo moja kutega kwa pamoja na kwa mfululizo, kuanzia kabla ya kupanda. Hilo haliwezekani bila kijiji kukubaliana, kwa hiyo hata hapa matokeo ya maabara yanaishia mikononi mwa mwenyekiti wa kitongoji.

Sasa lile swali la mama mkutanoni. Kwa kweli tafiti nyingi bado huishia kwenye tasnifu za Kiingereza rafuni, na mkulima aliyejibu maswali saa mbili kwenye jua hapati hata karatasi moja. Hapo mna haki, na kuna mambo mnaweza kuyafanya.

Mtafiti anatakiwa kuja na barua ya utambulisho iliyopitia halmashauri. Mtendaji wa kijiji aisome, aiweke kwenye faili, na aandike jina la idara na la msimamizi wa chuoni. Kabla ya dodoso la kwanza kujazwa, serikali ya kijiji imwombe aseme lini atarudi na matokeo, kwa Kiswahili, na iandikwe kwenye muhtasari. Mwanafunzi mmoja mmoja anaweza asiweze kurudi kwa kukosa nauli, lakini idara yake inaweza kutuma kurasa mbili. Kama kuna mbegu, mnyama au mtambo, ulizeni mapema: mradi ukiisha ni mali ya nani, na nani atanunua kipuri? Kindimba wangeshindwa mapema kama swali hilo lingesubiri mashine iharibike.

Msingoje kufuatwa pia. Maabara ya udongo ya SUA hupokea sampuli kutoka nje kwa malipo. Kikundi cha watu kumi kinaweza kuchangia gharama kuliko mtu mmoja. Chukueni udongo sehemu kadhaa za shamba, uchanganyeni, ukaukie kivulini, na muandike juu ya mfuko jina la shamba na zao mnalokusudia. Maktaba ya chuo, ambayo ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo, imekusanya vijitabu vya wakulima vya Kiswahili na kuviweka mtandaoni, kijana mwenye simu anaweza kuwasomea kikundi. Wafanyabiashara mnaotaka kuuza mbegu, ulizeni kwa afisa kilimo wa wilaya kuhusu mbegu za daraja la kuazimiwa, ambazo kikundi cha kijiji kinaweza kuzalisha chini ya ukaguzi wa TOSCI. Na mkiandika barua kwa chuo, tajeni tatizo moja tu, kwa mfano maharage yanayonyauka yakianza kutoa maua, kwenye ekari ngapi na tangu msimu gani. Barua ya namna hiyo hufika moja kwa moja kwa mtu anayehusika. Ile ya "tunaomba msaada wa maendeleo" huzunguka ofisini mpaka inapotea. Nileteeni nakala, nami nitaifuatilia.